Ngozi ya Nguruwe Ikishakuwa Jeli

Ngozi ya nguruwe hulowekwa kwenye asidi, ikaoshwa, kisha ikachemshwa taratibu. Kinachotoka hukaushwa na kusagwa kuwa jelatini, unga usio na harufu, wa kugandishia jeli na peremende laini za watoto. Je, unga huo bado ni nguruwe?

Mafakihi wamelijadili swali hili kwa karne nyingi chini ya mlango wa istihala, kitu kugeuka kikawa kingine. Divai ikigeuka siki yenyewe, hakuna anayebisha: ni twahara. Wahanafi walikwenda mbali zaidi. Hata nguruwe akitumbukia kwenye shimo la chumvi na mwili wake wote ukawa chumvi, chumvi ile ni safi. Mashafii, ambao ndio wengi pwani ya Afrika Mashariki, wameufunga mlango huo karibu wote. Wanazuoni wa zama zetu nao wamegawanyika. Mwaka 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman, lilikataza jelatini ya nguruwe katika vyakula. Mwaka 1995, semina ya wanazuoni na madaktari huko Kuwait ikaona kwamba imeshageuka, hivyo inafaa.

Hoja ya chumvi ni nzito, lakini jelatini si chumvi. Ni kolajeni ya ngozi iliyokatwakatwa, na wakati mwingine maabara hunasa humo vinasaba vya nguruwe. Ikiwa mnyama bado anaweza kutambuliwa, ni vigumu kusema ametoweka.

Wapishi wa Mombasa na Unguja hawakulazimika kusubiri fatwa. Faluda yao huganda kwa agari, nyuzi kavu zitokanazo na mwani mwekundu. Huchemshwa hadi ziyeyuke zote, zikachanganywa na maziwa, sukari, iliki na zafarani, kisha mchanganyiko ukamiminwa kwenye sinia. Agari huganda inapopoa kufikia sentigredi 40 hivi, na haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Kwa hiyo faluda hukaa mezani wakati wa futari ikiwa imara, ilhali jelatini hulegea kwa joto la mwili tu.

Kinachouma ni kwamba wanawake wa Paje na Jambiani, huko Unguja, wanalima mwani tangu mwaka 1989. Wao hulima aina nyingine, ya kutoa karajinani, ambayo pia hugandisha maziwa. Lakini mwingi husafirishwa mkavu, ukasindikwe ng'ambo.

Hospitalini swali bado ni bichi, maana kapsuli nyingi za dawa ni za jelatini. Zipo pia za selulosi ya mimea, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza mfamasia.