Kazi Isiyoonekana

Je, afanyaye kazi isiyoonekana ana wajibu mdogo kuliko mwenzake? Tutazame manowari zichukuazo ndege. Hapo zamani sitaha zake zilinyoka moja kwa moja. Ndege iliyokosa kunaswa na kamba za chuma iliweza kuzigonga zilizoegeshwa mbele. Mwaka 1951 Mwingereza Dennis Cambell alitoa shauri kwamba njia ya kutulia ielekezwe upande, ili rubani aliyekosa kamba apate kuruka tena. Ndivyo mbunifu alivyolifikiria kosa la mwenziwe kabla halijatendeka.

Lakini ubunifu haufidii uzembe. Machi 2016, katika manowari Eisenhower ya Marekani, kamba ilikatika ndege ikitua, mabaharia 8 wakajeruhiwa. Rubani aliweza kuruka tena akasalimika. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi, walipokuwa wakiurekebisha mtambo wa kamba hizo, waliruka hatua iliyo muhimu.

Kipuri hakina dhamiri. Dhamiri ni ya mkono ukifungao. Basi, msomaji mpenzi, uwe fundi, mshonaji au mpishi, usiulize, "Nani ananiona?" Uliza, "Nani ataitegemea kazi yangu?"