Kama Hakuna Aliyeiona, Bado Ni Nzuri?



Likizo iliyopita nilikuwa kwa mama mdogo, Dar es Salaam. Binti yake anajifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo ukikaa naye sebuleni utasikiliza nyimbo za Kimandarini, upende usipende. Jioni moja akaniwekea video ya mwaka 2022 ya Jay Chou, mwanamuziki wa Taiwan. Jina la wimbo, kwa tafsiri yake, ni kama kusema "Kazi ya Sanaa Iliyo Kuu Kuliko Zote".

Kwenye video hiyo Jay Chou yuko Paris, anapiga piano, mara anajikuta kwenye Paris ya miaka ya 1920. Anakutana na wachoraji wakubwa: Magritte, Dalí, Matisse, Monet. Anakutana pia na Mchina mmoja, Sanyu. Hapo mdogo wangu akaisimamisha video.

"Mimi nampenda huyu. Ulishawahi kumsikia?"

Wala.

Sanyu alizaliwa Sichuan mwaka 1895, akaenda Paris mwaka 1921. Alichora wanawake, maua, na wanyama wadogo waliosimama peke yao kwenye uwanda mtupu. Picha zake hazikumtoa kwenye shida. Mwaka 1966 alifariki peke yake katika studio yake kwa gesi iliyovuja. Mwaka 2019, picha yake moja tu, ya wanawake watano, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 300 za huko.

"Sasa Frateri," akaniuliza, "kama zisingenunuliwa mpaka leo, zingekuwa nzuri?"

Nikakohoa kidogo. Si nina shahada ya falsafa bwana! Nikamwambia Mtakatifu Thomaso wa Akwino alifundisha kwamba vitu vizuri ni vile ambavyo vikionwa hupendeza. Akanibana papo hapo: "Na visipoonwa?"

Nikamweleza kwamba Thomaso huyohuyo anauweka uzuri ndani ya kitu chenyewe: ukamilifu wake, ulinganifu wa sehemu zake, mng'ao wake. Anayeonja embe hauleti utamu, anaukuta. Picha iliyouzwa mwaka 2019 ni ileile aliyoiacha Sanyu, haikuongezeka hata tone la rangi. Kilichobadilika ni macho ya watu, na mifuko yao.

"Sawa," akasema. "Lakini yeye mwenyewe alipata nini?"

Hapo nikanyamaza. Tumezoea kufarijiana kwamba historia itakukumbuka. Video ile nayo inafariji hivyo: nyota wa leo anarudi nyuma kumheshimu mchoraji aliyesahauliwa. Lakini mnada wa 2019 haukumlipia Sanyu kodi ya chumba, wala haukumgongea mlango usiku ule wa gesi. Sifa za marehemu huliwa na walio hai.

Nikamkumbuka Magritte. Mwaka 1964 alichora mtu mwenye kofia nyeusi, uso umezibwa na tufaha la kijani, akaiita picha hiyo Mwana wa Adamu. Uso upo, ila sisi hatuuoni. Jina hilo Yesu alijiita mwenyewe, na ndiye aliyetufundisha habari za Baba aonaye sirini. Naamini hata siku moja ya Sanyu haikupita bila kuonwa.

Nilitaka kumjibu hivyo nimalize. Nikajishtukia. "Mungu anakuona" ni maneno rahisi sana kwa mtu asiyetaka kugeuza shingo. Katika Mathayo 25, wanaohukumiwa wanajitetea kwa kuuliza ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa au mgonjwa. Kutoona hakukuwa udhuru, ndiyo yalikuwa mashtaka yenyewe.

Basi nasema hivi: thamani ya mtu na ya kazi yake haitokani na kuonwa. Lakini kumwona mwenzako ni deni la upendo, na deni hilo hulipwa mwenyewe akiwa hai.

Kumbe mdogo wangu naye huchora. Nalijua hilo tangu akiwa darasa la tano. Daftari lake la michoro lilikuwa pale mezani muda wote, juu yake ameweka simu tuliyokuwa tunaangalia video. Miaka yote hiyo sijawahi kuomba kuliona.

"Hebu nionyeshe."

"Leo ndiyo umekumbuka?"

Alinionyesha kurasa tatu tu. Nyingine, alisema, nitaziona nikirudi tena. Sikulalamika. Nilistahili.

Kijana mwenzangu, Jay Chou alihitaji piano ya ajabu ili amfikie Sanyu. Wewe, yule unayepaswa kumwona yuko mbali kiasi gani? Pengine ni chumba cha pili. Nenda leo.

Tuombeane.