Huruma Inayomlaza Mgonjwa

Ni sifa kubwa ya jamaa zetu kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Baba akipatwa na kiharusi, akapooza mkono na mguu wa upande mmoja, watoto hukusanyika, na majirani huleta uji. Mmoja humlisha, wa pili humvika shati, wa tatu humbeba hadi uani. Nani atawalaumu? Walakini twauliza: je, kila tendo litokalo katika huruma humfaa yule anayehurumiwa?

Tiba ya viungo, ambayo hospitalini huitwa fiziotherapia, yatupa jibu la kutufikirisha. Wengi hudhani kazi yake ni kukanda na kupaka mafuta tu. La hasha! Kiini chake ni kumfundisha mgonjwa kutenda tena mwenyewe. Kiharusi huharibu sehemu ya ubongo; mkono wenyewe haukuvunjika, bali umekosa wa kuuamuru. Sehemu za ubongo zilizosalia zaweza kujifunza baadhi ya kazi zilizopotea, lakini hujifunza kama mtoto ajifunzavyo kutembea: kwa kujaribu, kukosea na kurudia mara nyingi. Kiungo kisichotumiwa hudhoofu. Misuli hupungua, maungo hukakamaa, na ngozi iliyolaliwa muda mrefu hutoka vidonda.

Jambo hili lilipimwa huko Marekani. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 222, waliopatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla ya kuanza, na ambao mkono wao dhaifu ulikuwa bado na mwendo kidogo. Baadhi yao walivikwa glavu nene katika mkono wenye nguvu, wakashinda nayo karibu saa zote za kuwa macho kwa wiki 2, huku mkono dhaifu ukizoezwa kazi. Ulipokosa mwenzake wa kuutegemea, mkono huo ulisitawi kuliko mikono ya wale waliopata matunzo ya kawaida, na faida hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mzima.

Basi tujitazame. Mara nyingi sisi jamaa ndio ule mkono wenye nguvu. Kwa upendo twatenda yote, naye aliye dhaifu hana tena sababu ya kujaribu.

Pengine mtu atasema: si ukatili kumtazama mzee akihangaika na kifungo kimoja cha shati kwa robo saa? Ingekuwa ukatili kama tungemwacha tukaenda zetu. Bali kukaa karibu naye, tayari kumdaka asianguke, huku tukiizuia mikono yetu wenyewe, ni kazi ngumu kuliko kumvika. Amvikaye humaliza upesi. Amngojaye humtolea saa zake. Wala tusimshurutishe ovyo: kipimo cha mazoezi kiwekwe na mtaalamu, maana bega lililopooza likivutwa bila ujuzi huumia.

Yupo pia mgonjwa ambaye, hata ajitahidi namna gani, hatarudi shambani. Huyu naye tusimhesabu kuwa hasara, kwani heshima ya mtu haipimwi kwa kazi ya mikono yake. Kama aweza kushika kikombe tu, basi kazi ya kukishika ni yake. Tusimnyang'anye kwa jina la wema.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: mara daktari aruhusupo, mgonjwa aanzishiwe tiba hii, na jamaa mmoja aandamane naye ili ajifunze. Mtaalamu humwona kwa muda mfupi. Sisi twashinda naye kutwa. Na jioni ifikapo, tusiulizane tu tumemtendea nini. Tuulizane pia: leo yeye mwenyewe ametenda nini?