Darsa Iliyorekodiwa ni Amana ya Nani?



Ndugu zangu, kabla ya Ramadhani iliyopita jumuiya yetu iliandaa darsa mtandaoni baada ya Isha. Mada ilikuwa haki za wanandoa. Mimi ndiye niliyefungua kikao, nikawaingiza watu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Wakati wa maswali dada mmoja aliuliza kuhusu mume aliyemwacha bila matumizi. Hakutaja jina. Kesho yake nikaituma darsa nzima kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge, nikidhani nimefanya kheri tupu. Haikufika Ijumaa, watu sokoni walikuwa wameshamtambua kwa sauti. Rumonge watu wanajuana: anayekuuzia mawese asubuhi ndiye jirani wa shangazi yako.

Dada yule hajaingia tena katika darsa zetu. Tangu siku hiyo najiuliza: je, faida ya wengi inatosha kuhalalisha nilichofanya?

Wapo waliosema tuache kabisa kurekodi. Sikubaliani nao. Usiku usio na mbalamwezi, ndugu zetu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac wako ziwani na taa wakivua ndagala. Saa tunayofungua darsa ndiyo saa wanayosukuma mitumbwi. Yuko pia mama anayelaza watoto, na mwanafunzi aliyekatikiwa umeme. Yuko kiziwi, ambaye hata akihudhuria hapati kitu mpaka maneno yaandikwe chini ya picha. Tukumbuke Abdallah bin Umm Maktum, aliyekuwa kipofu. Alimjia Mtume (s.a.w.) kutaka elimu wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Makureshi, na Surat Abasa ikateremka kufundisha kwamba anayekuja kwa hamu ya kujifunza hapuuzwi. Kwa hiyo anayefunga mlango wa kurekodi kwa kuogopa taabu naye ana watu aliowanyima haki yao.

Lakini haki ya mvuvi haifuti haki ya dada. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Darsa iliyorekodiwa ina wenyewe watatu: mwalimu aliyesema, muulizaji aliyejifunua, na msikilizaji ambaye hakuwapo. Mimi nilimtazama wa tatu tu.

Mtu atasema: programu yenyewe hutangaza kwamba kikao kinarekodiwa, na aliyebaki ameridhia. Hoja hii ni nyepesi. Aliyeridhia kusikiwa na watu arubaini waliopo usiku ule hajaridhia kusikiwa na asiowajua, miaka kumi baadaye. Tena mwenye shida hana nafasi ya kuchagua; akitoka, amekosa jawabu. Ukimya wa mwenye shida usihesabiwe kuwa ni ruhusa.

Wanafiqhi wanatufundisha kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Kanuni hiyo ina nguvu pale viwili hivyo visipowezekana pamoja. Hapa vinawezekana. Mwalimu aombwe idhini kabla ya kuanza. Maswali yaandikwe na kutumwa kwa msimamizi, naye ayasome bila jina. Anayetaka kuuliza kwa sauti angoje kurekodi kusimamishwe. Hayo hayagharimu hata faranga moja.

Upande wa maandishi ya chini ndio unaonitisha zaidi. Masheikh wetu huchanganya Kiswahili, Kiarabu na Kirundi katika sentensi moja, na mashine huandika inachodhani imesikia. Katika darsa moja mwalimu alisema "haijuzu", mashine ikaandika "yajuzu". Silabi moja tu, na hukumu imegeuka. Anayesikia sauti huenda akashtuka. Kiziwi atashtushwa na nini? Yeye amebaki na maandishi peke yake, na ataondoka na haramu akiidhania halali.

Mtume (s.a.w.) alimwombea kheri anayesikia maneno yake, akayahifadhi na kuyafikisha kama alivyoyasikia. Waliotutangulia walilichukua jambo hili kwa uzito. Karne za 6 na 7 Hijria, huko Damascus, kitabu kikisomwa mbele ya sheikh, waliandika mwishoni mwake majina ya waliosikiliza, aliyesoma, mahali na tarehe. Mara nyingine waliandika hata nani alichelewa na nani alisinzia. Nakala ililinganishwa na asili yake kabla ya kutegemewa. Sisi tunabonyeza "tuma" kabla hata ya kusoma mstari wa kwanza.

Sasa kwetu watu wawili husikiliza na kusahihisha maandishi neno kwa neno, kisha mwalimu huyapitia. Darsa ya saa moja hutuchukua usiku kadhaa. Tukishindwa kuimaliza, tunatoa dakika kumi zilizo sahihi. Mvuvi wa Rumonge anastahiki dakika kumi za kweli kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Kwa dada yule nilituma ujumbe wa kuomba radhi kupitia kwa dada mmoja wa jumuiya. Nakala yangu nimeifuta. Zilizomo katika simu za watu siwezi kuzifuta, na sijui ni ngapi. Wewe unayesimamia darsa ijayo, jiulize hayo kabla ya kubonyeza, kwani baada ya hapo utabaki na istighfari tu, kama mimi.

Wabillahi tawfiq.