Kidirisha cha Meli

Ukitoka Migori kwenda Bukoba, unavuka mpaka pale Isebania, unapanda gari hadi Mwanza, kisha meli ya usiku. Hapo swali linakuja: chumba chenye kidirisha, au kiti cha daraja la tatu? Binamu yangu wa Homa Bay hucheka. "Sasa usiku utaona nini huko nje?" Kweli, giza tu. Kwao, kwenye feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno, unalipa nauli, ziwa unalitazama bure.

Lakini sidhani tunalipia dirisha. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa na watu 443, wa vyumba vya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Walikufa mamia, na wengi hakuna karatasi iliyojua kwamba walipanda.

Safari hii pesa ya chumba ninayo. Mama atakayelaza watoto sakafuni hana. Nikilipa ili nihesabiwe, nanunua haki yangu, au nakubali kwamba yake iuzwe? Nimemuuliza binamu. Amenijibu, "Wewe kata tiketi kwanza, meli haingoji."