MLANGO WA NYUMBA YA ASKARI

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:5; 2 Samweli 11; Matayo 8:5-13; Luka 3:14



 

Mama mmoja wa parokia yetu alifika kwenye ofisi ya kanisa na barua mkononi. Tulimpa kiti, akakataa kuketi. Mtoto wake alikwenda Marekani pamoja na shangazi yake akiwa mdogo, akakua kule, akaingia katika jeshi la nchi ile. Katika barua anaeleza kwamba yuko mwenzake wa kikosi, mwanaume, aliyefunga ndoa na mwanaume. Jeshi linaijua ndoa hiyo; imeandikwa katika karatasi zao. Na mwenzake huyo ndiye aliyembeba mgongoni, mlima na bonde, siku alipovunjika mguu katika mazoezi. Siku nyingine, wakisafisha bunduki wawili tu, mwenzake akamwuliza: «Kanisa la mama yako linanihesabu mimi kuwa nani?» Kijana akakosa neno. Akamwandikia mama yake, naye mama akatuletea sisi.

Wapendwa, tusiwafiche. Sisi watumishi wenu tuliketi mara mbili juu ya barua hii na hatukupatana upesi. Mmoja alisema ichomwe, hayo ni mambo ya Wazungu. Mwingine alisema kijana aombe kuhama kikosi. Ndipo mzee wetu mmoja, aliyekuwa askari zamani, akasema: «Mtu hajibu swali ambalo hakulisikia mpaka mwisho. Tujue kwanza sheria ya jeshi lile ilikuwaje, kisha tufungue Maandiko.» Tukafanya hivyo. Na leo tunawaeleza tuliyoyapata.

SHERIA ILIVYOKUWA

Zamani jeshi la Marekani lilimfukuza kila askari aliyejulikana kuwa anapenda watu wa jinsia yake. Mwaka 1975 sajini wa jeshi la anga aitwaye Leonard Matlovich, aliyepigana vita ya Vietnam, akajeruhiwa huko na kupewa nishani, alimwandikia mkubwa wake barua na kujitambulisha mwenyewe. Wakamwondoa jeshini mwaka uleule. Alikufa mwaka 1988, akazikwa Washington. Juu ya kaburi lake yako maneno yenye maana hii: jeshi lilimpa nishani kwa kuua watu wawili, likamfukuza kwa kumpenda mmoja.

Mwaka 1993, wakati wa Rais Bill Clinton, ikatoka sheria ambayo watu waliiita «Usiulize, Usiseme». Mkubwa asimwulize askari juu ya jambo hilo. Askari naye asiseme. Mambo matatu yaliweza kumfukuzisha: tendo, neno, na ndoa. Ndiyo, wapendwa, hata ndoa. Askari aliyefunga ndoa na mtu wa jinsia yake, au aliyejaribu tu kuifunga, alihesabiwa kuwa amekosa. Kabla sheria hiyo haijaondolewa, askari zaidi ya 13,000 walikuwa wamefukuzwa.

Angalieni jinsi walivyoishi. Sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kusema, «mpenzi wangu ameandika, anaumwa», na anayetusikia asijue kama ni mume au mke. Katika Kiingereza ni vigumu. Neno moja dogo linamfichua mtu. Basi askari wengi walijifunza kuligeuza neno hilo. Mwanaume alimtaja mwenzake kama mwanamke, kwenye simu, mezani, katika barua, leo na kesho, mwaka baada ya mwaka. Sheria ilisema inawafundisha kunyamaza. Kwa kweli iliwafundisha uongo.

Rais Barack Obama alitia sahihi ya kuifuta sheria hiyo tarehe 22 Desemba 2010, nayo ikakoma tarehe 20 Septemba 2011. Lakini ilibaki sheria nyingine ya mwaka 1996, iliyosema kwamba serikali kuu inatambua ndoa ya mwanaume na mwanamke tu. Kwa hiyo askari aliweza sasa kusema, ila mwenzi wake hakuwa mtu mbele ya jeshi: hana kadi, hana matibabu, hana nyumba ya kambi. Mwezi wa Oktoba 2012 sajini mmoja mwanamke, wa jeshi la jimbo la North Carolina, aliuawa katika Afghanistan. Mwaka uleule alikuwa amefunga ndoa na mwanamke mwenzake huko Washington. Maafisa walipeleka habari ya kifo kwa mama yake. Yule waliyefunga ndoa naye hakuhesabiwa kuwa mjane.

Tarehe 26 Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilivunja sehemu hiyo ya sheria ya 1996, na tangu tarehe 3 Septemba mwaka huo jeshi likaanza kuwapa wenzi hao haki sawa na wengine. Tarehe 26 Juni 2015 mahakama hiyo ikaifungulia ndoa hiyo majimbo yote. Na hili nalo mlijue, maana wengi huliuliza: wachungaji wa jeshi hawakulazimishwa. Agizo la mwezi Septemba 2011 lilisema mchungaji ambaye imani yake inakataa hatalazimishwa kuongoza ndoa ya namna hiyo.

Uingereza nako ilikuwa hivyo. Wapelelezi wa jeshi waliwaketisha askari na kuwauliza mambo ya kitanda, moja baada ya jingine. Wengine walipeleka mashitaka Strasbourg, na tarehe 27 Septemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba jeshi limeingilia maisha ya ndani ya watu hao bila haki. Januari 2000 Uingereza ikaondoa katazo lake. Julai 2023 waziri mkuu Rishi Sunak akaomba radhi mbele ya bunge.

MAANDIKO YANASEMAJE

Neno la kwanza. Katika Kumbukumbu la Torati 24:5 Mungu anaweka sheria ya jeshi. Mwanaume aliyeoa karibuni asiende vitani. Akae nyumbani mwaka mmoja, amfurahishe mke wake. Oneni, wapendwa. Mungu mwenyewe anapopanga jeshi, anaweka mpaka. Anasema: nguvu ya jenerali inafika hapa, kwenye kizingiti, ndani ya nyumba ni jambo jingine.

Neno la pili. Mfalme Daudi aliuvuka mpaka huo. Alimwita Uria kutoka vitani, akamwuliza habari za Yoabu na za watu, lakini moyo wake haukuwa vitani. Ulikuwa katika nyumba ya Uria. Alimwambia aende kwake akapumzike, na asubuhi watu wakamletea taarifa: Uria hakulala nyumbani. Mfalme wa Israeli, mwenye adui mbele yake, anangojea kuambiwa askari wake amelala wapi! Na mwisho wake mnaujua. Uria alirudi vitani akibeba mkononi barua ya kifo chake mwenyewe.

Mzee wetu aliposikia somo hilo alinyamaza kitambo, kisha akatuambia kwamba katika kambi aliyokaa ujanani alikuwako mkubwa aliyependa sana kujua habari za nyumba za askari: nani ana mke mzuri, nani ametumwa mbali, nani hajarudi. «Alisema ni kwa ajili ya nidhamu,» akasema mzee, «lakini sisi tulijua.» Hakuongeza neno. Nasi hatukumwuliza.

Neno la tatu. Katika Matayo 8 akida wa Waroma anamwendea Yesu kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa. Yesu yuko tayari kwenda. Akida anasema, sistahili uingie chini ya dari yangu. Sema neno tu. Na Bwana, mwenye mamlaka juu ya mbingu na nchi, hakuingia. Hakumwambia akida, «nionyeshe kwanza unaishi namna gani.» Alisema neno akiwa njiani, na mtumishi akapona. Tena askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini (Luka 3:14), aliwajibu juu ya kazi yao: wasimnyang'anye mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, waridhike na mshahara wao.

SISI TUNAKUMBUKA

Wandugu, sisi wa makanisa yaliyoanzishwa na manabii wa Afrika, tusijifanye wageni wa jambo hili. Simon Kimbangu alihukumiwa na mahakama ya kijeshi mwezi wa Oktoba 1921, akafia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Katika miaka ile waaminifu waliomba usiku, sauti chini, na mtu mmoja mlangoni. Asubuhi mtu akiulizwa, «uliomba wapi jana?», ilibidi achague: aseme kweli apelekwe mbali na watoto wake, au aseme uongo na moyo umwume. Babu zetu waliujua uchungu wa kuulizwa jambo la ndani na mtu mwenye bunduki. Hatusemi kwamba maombi na jambo hili ni kitu kimoja. Tunasema uchungu wa aliyelazimishwa kudanganya kila siku ili ale mkate, huo tunaujua.

Mmoja atasimama na kuuliza: basi sasa kanisa linakubali kila kitu? Hapana. Fundisho la kanisa letu juu ya ndoa ni la mwanaume na mwanamke, na barua hii haikulibadili. Lakini kufundisha ni kazi moja, kupeleleza ni nyingine. Mwalimu huita watu mchana, mlango ukiwa wazi. Mpelelezi huzunguka nyumba usiku. Tena kijana yule hakutuuliza ndoa ni nini. Alitupa swali la mwenzake: mimi ni nani kwenu?

JIBU TULILOPELEKA

Tulimwandikia kijana maneno manne.

La kwanza: mshukuru. Aliyekubeba mgongoni ni jirani yako. Yesu aliposimulia juu ya Msamaria, hakusema yule aliyejeruhiwa amwulize kwanza Msamaria ibada yake.

La pili: usimdanganye. Akikuuliza kanisa letu linafundisha nini juu ya ndoa, mwambie wazi, kwa upole, macho kwa macho. Yeye na wenzake wamedanganyana na wakubwa miaka mingi. Wewe usiongeze uongo mwingine. Na mwambie hili pia, kwa sababu nalo ni kweli: tunamhesabu kuwa mtu aliyeumbwa na Mungu, na hukumu yake haiko mikononi mwetu.

La tatu: usimcheke, wala usikae pamoja na wanaomcheka. Mwaka 1992 baharia mmoja wa Marekani alipigwa mpaka akafa huko Japani, mikononi mwa wenzake wa meli ileile, kwa sababu ya jambo hili. Damu ile ilianza kama maneno ya mzaha. Ikiwa watapanga kumdhuru, usinyamaze. Kunyamaza ni kushika nguo za wanaopiga mawe.

La nne: akifa kabla yako, nenda kwenye mlango wa aliyefunga ndoa naye, ukalie pamoja naye. Hapa, wapendwa, tuwaambie kweli, mmoja wetu hakukubali. Alisema kulia pale ni kuibariki ndoa ile. Wengine tukasema kilio si baraka, kilio ni deni. Yeye bado ana mawazo yake, nasi tunamheshimu. Lakini tuliliandika neno la nne, na jina lake tuliliacha nje kwa ruhusa yake.

NA SISI HAPA

Msifikiri kwamba mahubiri haya ni ya watu wa Marekani. Wangapi kati yetu tunahesabu nani ameingia mlango wa nani? Mjane kijana akipokea mgeni, kesho kisimani wote wanajua. Bwana na bibi wakikosa mtoto, tunawauliza kosa ni la nani, tena mbele ya watu. Mtu akikonda, tunataka kujua ameandikiwa dawa gani lopitali. Tunasema ni kwa ajili ya kumwombea. Wazee walisema: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Bwana anaijua. Yeye hahitaji taarifa zetu za asubuhi.

Mama yule alirudi kuchukua jibu. Tulimsomea polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Safari hii aliketi. Akatuomba tumsomee neno la kwanza mara nyingine, lile la mgongo, kisha akasema: «Huyo aliyembeba mtoto wangu, nami nitamwombea. Jina lake Mungu analijua.»

Tuombe. Ee Bwana, uliyesimama njiani na kuponya bila kuvuka kizingiti, utufundishe kusema kweli bila kuua, na kunyamaza bila kusaliti. Uwalinde watoto wetu walio katika majeshi ya nchi za mbali, na wale wanaolala karibu nao. Utuondolee jicho la Daudi dirishani. Mwenye kuvunjika mgongo kwa ajili ya mwingine, umkumbuke.

Amina.