Fundo la Zawadi

Lugha yetu ina methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ya pili yasema: Mkono mtupu haulambwi. Ile yatufundisha kwamba thamani ya zawadi imo katika nia ya mtoaji. Hii yatuonya kwamba mpokeaji hutazama kwanza kilichomo mkononi. Basi hatuna budi kujiuliza: ni lini zawadi huwa kifungo cha udugu, na ni lini huwa kifungo cha utumwa?

Ili tusipotee katika maneno matupu, na tuchukue kitu kidogo: kikuku cha kamba kifungwacho kwa mafundo. Mkoa wa Mara wafaa kuwa darasa letu. Huko Musoma, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, fundo ni riziki. Wavu ni mafundo mengi yaliyopangwa kwa kipimo, na likifunguka moja samaki amepata mlango. Huko Bunda wakulima hulima pamba, ambayo ndiyo asili ya uzi.

Mwenye kutengeneza kikuku huchukua nyuzi nne. Mbili za kati hukaa zimenyoshwa. Mbili za pembeni ndizo zifanyazo kazi. Uzi wa kushoto hupitishwa juu ya zile za kati na chini ya ule wa kulia. Nao wa kulia hupenyezwa chini ya zile za kati na kutokea katika kitanzi kilichobaki upande wa kushoto. Kisha zamu hugeuzwa, uzi wa kulia ukatangulia. Zamu isipogeuzwa, kikuku chote hujipinda. Nyuzi zifungazo sharti ziwe ndefu mara kadhaa kuliko kikuku chenyewe, kwa maana mafundo hula uzi. Na kabla ya yote hayo, fundi hana budi kujua unene wa kifundo cha mkono utakaovikwa.

Kipimo hicho kina fundisho. Mtu aweza kununua bangili kumi bila ya kumfikiria yeyote. Bali afungaye kikuku cha zawadi amekwisha kumfikiria mwenziwe tangu uzi wa kwanza. Je, tuseme basi kwamba zawadi ya mkono ndiyo njema, na ya dukani si kitu? La, hasha! Mfanyakazi anayemnunulia mama yake khanga kwa mshahara wake naye ametoa jasho lake. Kadhalika, mwanafunzi aweza kufunga kikuku kizuri kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea mwalimu siku moja kabla ya mtihani kusahihishwa. Kazi ni ya mkono, lakini moyo umekwenda sokoni.

Wako wasemao kwamba zawadi ya kweli haifungi mtu kabisa. Wataalamu hawakuona hivyo. Mwaka 1922 Bronislaw Malinowski alieleza jinsi watu wa visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, walivyobadilishana bangili za kombe kwa mikufu. Aliyepokea bangili hakuikalia milele, bali aliipitisha kwa mwingine. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huleta wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Kufunga, basi, si dosari ya zawadi. Ndiyo kazi yake. Swali ni fundo la namna gani.

Tukitazame tena kikuku. Kilichotengenezwa vizuri aghalabu huishia kwa fundo la kuteleza, ambalo mvaaji hulilegeza au kulikaza apendavyo. Rushwa haina fundo hilo. Aliyeipokea hawezi kuivua. Hata akiitupa, mtoaji angali anadai. Tena kikuku huvaliwa mbele za watu, nayo rushwa hutafuta giza.

Taifa letu limelipima jambo hili mara nyingi. Mwanachama wa TANU aliahidi kutotoa wala kupokea rushwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Takrima ni neno la heshima, maana yake ukarimu kwa mgeni. Lakini ukarimu unaosubiri kura umekwisha kubadilika jina. Na huko Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, makumbusho yenye jina lake yanahifadhi baadhi ya zawadi alizopewa. Zinatazamwa na kila apitaye, nalo ni jambo jema kwa zawadi za kiongozi.

Sasa methali zetu zaweza kupatanishwa. Mkono mtupu haulambwi husimulia jinsi watu walivyo. Kutoa ni moyo huagiza jinsi wapaswavyo kuwa. Kijana wa shule, kabla hajakaza fundo la mwisho, na ajiulize: Huyu ningempa kikuku hiki kama asingekuwa na uwezo wowote wa kunifaa? Jibu likiwa ndiyo, na akaze.